Lamineti juu ya sakafu ya simiti, kwa nyumba za pwani

Simiti hunywa maji. Ukiigusa utaiona ngumu na kavu, lakini sakafu iliyomwagwa juu ya ardhi yetu ya mchanga na matumbawe huvuta unyevu kutoka chini mwaka mzima, na unyevu huo hutafuta njia ya kutokea juu. Lamineti nayo, chini ya ile picha nzuri ya mti, ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Ikipata unyevu inavimba, na ikishavimba hairudi ilivyokuwa. Kingo huinuka, maungio hufunguka, na mwenye nyumba huanza kusema lamineti haifai pwani.

Inafaa. Mimi ni seremala hapa Malindi. Nilianza na milango na vitanda, na siku hizi wengi wanaonipigia simu wanataka lamineti vyumbani. Sakafu zilizodumu nimeziona Casuarina, karibu kabisa na bahari, na zilizoharibika nimeziona Barani, mbali na maji. Kinachozitofautisha ni kazi iliyofanywa kabla ubao wa kwanza haujalazwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya simiti. Kuunganisha mbao zenyewe ni kazi ambayo mtu mwenye subira anaweza kuifanya kwa mikono yake.

Pima unyevu kwanza

Kama sakafu ni mpya, ngoja. Kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo slebu ya milimita 100 inataka kama miezi minne, na ikiwa ilimwagwa masika, ongeza. Najua watu wana haraka ya kuhamia. Hamia, tandika mkeka juu ya simiti tupu, ukae nayo mpaka ikauke. Simiti iliyofunikwa mbichi huhifadhi maji yake yote chini ya mbao zako.

Kwa sakafu ya zamani au mpya, kipimo ni kimoja na hakina gharama. Kata kipande cha nailoni safi inayoonekana ng'ambo, nusu mita kwa nusu mita, ukibandike sakafuni kwa selotepu pana pande zote nne bila kuacha upenyo. Fanya hivyo mahali patatu: katikati ya chumba, kando ya ukuta wa nje, na kando ya ukuta unaopakana na bafu. Usibandike panapopigwa na jua. Kiache kwa muda usiopungua saa 24. Mimi huviacha siku mbili au tatu. Kisha angalia. Ukiona matone upande wa chini wa nailoni, au simiti iliyofunikwa imekuwa nyeusi kuliko ile ya pembeni, unyevu unapanda. Matone yakiwa upande wa juu wa nailoni, hayo ni ya hewa ya chumba, jambo jingine kabisa.

Kipimo kikionyesha maji, tafuta yanakotoka kabla ya kununua chochote. Kando ya bafu mara nyingi ni bomba linalovuja ndani ya ukuta. Kando ya ukuta wa nje, toka nje uangalie: je, udongo wa bustani uko juu kuliko sakafu ya ndani? Nyumba nyingi za Malindi zina hilo, kwa sababu kila mwaka mtunza bustani huongeza udongo na mbolea mpaka msingi unazikwa. Angalia na paa. Nyumba ya makuti haina gata, na maji yote ya paa hudondoka palepale chini ya ukuta. Chimba mtaro mdogo pale yanapodondokea, ujaze kokoto, uuelekeze mbali na nyumba. Udongo uliopanda juu ya usawa wa sakafu uteremshe. Rudia kipimo baada ya wiki chache. Nimeona chumba kikikauka kwa jembe peke yake.

Ukiona ungaunga mweupe juu ya simiti, hiyo ni chumvi. Aliyejenga huenda alitumia mchanga wa ufuoni badala ya mchanga wa mto, au maji ya kisima yenye chumvi. Chumvi huvuta unyevu hata kutoka hewani, kwa hiyo usiioshe kwa maji, utaiyeyusha irudi ndani. Ipige brashi ya waya ikiwa kavu, ufagie, utupe nje. Kama simiti yenyewe inamong'onyoka ukiikwaruza kwa bisibisi, ile ngozi ya juu lazima ibomolewe na kupigwa upya. Na pale ambapo unyevu haukomi hata baada ya kurekebisha nje, kuna rangi ya epoksi ya kuzuia unyevu. Hupakwa mikono miwili juu ya simiti iliyosuguliwa, mkono wa pili ukipita kinyume cha wa kwanza.

Mama mmoja aliniuliza, "Fundi, kipimo chetu kimetoka kikavu, sasa nailoni ya kutandika chini, ya kazi gani?" Nikamwambia, "Mama, kipimo kimetuambia habari za wiki hii. Mei hatujaiona." Nailoni hutandikwa siku zote juu ya simiti iliyo ardhini. Hilo halina majadiliano.

Kunyoosha sakafu

Chukua mti wa alumini wa mita 2, ule waashi wanaonyoshea lipu, uhakikishe haujapinda. Ulaze sakafuni, uuzungushe kama mkono wa saa, chumba kizima. Chukua biti ya drili ya milimita 3 na ujaribu kuipitisha chini ya mti. Popote inapopita bila kugusa, pachore kwa chaki. Hayo ni mashimo. Mahali mti unapobembea, chini yake kuna kilima. Pachore kwa alama nyingine.

Vilima husagwa kwa grinda yenye diski ya kusugulia zege. Vumbi lake ni baya kwa mapafu, kwa hiyo vaa barakoa nzuri, funga mlango, fungua madirisha. Mashimo yajaze kwa simiti ya kujisawazisha inayouzwa kwa mifuko, baada ya kupaka ile dawa yake ya kushikia. Simiti ya kawaida na mchanga, ikipigwa nyembamba hivyo, hupasuka na kutoka magamba. Nyufa zizibe zote, hata za upana wa unywele, kwa sababu mchwa wa huku hupitia humo. Lamineti ni chakula chao, na wakishaingia hutawaona mpaka ubao udidimie. Kama nyumba ina historia ya mchwa, mwite mtu wa dawa sasa, kabla sakafu haijafunikwa.

Kuna mafundi wanaokunja povu, lile tandiko laini la chini ya mbao, mara mbili mahali penye shimo. Tafadhali usikubali. Ubao ukikanyagwa juu ya shimo hubonyea, ulimi, ule ukingo mwembamba unaoingia kwenye mfereji wa ubao wa jirani, unajipinda humo, na siku moja unakatika. Kuanzia hapo utasikia mlio kila unapopita, na hakuna dawa ila kufumua.

Sakafu nyekundu ya zamani iliyopakwa rangi na nta haina haja ya kubomolewa, maana lamineti haigundishwi, inaelea. Vigae navyo vinaweza kubaki ikiwa vimeshika; vigonge kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo, kinacholia kitupu king'oe ujaze pengo. Zulia la plastiki liondoe lote.

Kununua

Usiende chini ya unene wa milimita 8. Tazama pia alama ya AC kwenye boksi, inayoonyesha uso wa ubao unavyostahimili kusuguliwa: AC3 inatosha chumba cha kulala, lakini sebule ya Malindi inataka AC4, kwa sababu mchanga unaoingia na ndala ni msasa tosha juu ya ubao. Wauzaji wengine watakuonyesha ubao wenye moyo wa kijani na kusema huo hauingii maji. Kijani ni rangi tu, haithibitishi kitu. Omba kipande kidogo cha mfano, ukipime unene, ukitie kwenye ndoo ya maji usiku kucha, ukipime tena asubuhi. Chagua kilichovimba kidogo zaidi.

Hesabu ya maboksi nitaifanya hapa kwa chumba cha mita 4.2 kwa 3.5. Eneo ni mita za mraba 14.7. Ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyokatwa, unapata 16.17. Mbao za sentimita 138 kwa 19.3, zikiwa 8 kwenye boksi, hufunika mita za mraba 2.13. Gawanya: saba na nusu na ushee, kwa hiyo nunua maboksi 8. Nunua yote siku moja, na uhakikishe namba ya toleo kwenye maboksi ni ileile, maana rangi hutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo.

Wa Lamu, mzigo wenu una safari zaidi. Ukipita Garsen na Witu mpaka Mokowe hauna tatizo, lakini kutoka gatini kuvuka kwa boti, kila boksi livishwe nailoni yake na lipangwe juu ya mbao, lisikae chini ya boti. Rasharasha ya maji ya chumvi kwenye kona moja ya boksi hukuharibia mbao zote nane. Na maelezo haya ni ya nyumba mpya za bloku zenye slebu. Kwenye nyumba za kale za mawe, zile ambazo sakafu zake za juu ni boriti za mikoko, matumbawe na chokaa, sitandazi lamineti hata nikilipwa mara mbili. Sakafu ile hucheza, tena inahitaji kupumua. Ukiifunika nailoni unafungia unyevu juu ya boriti na boriti huoza. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na sakafu zake za chokaa ni sehemu ya urithi huo. Zirekebishwe kwa chokaa.

Maboksi yakifika, yalaze ndani ya chumba chenyewe kitakachotandikwa, bila kufunguliwa, kwa saa 48. Yalale chali, yasisimamishwe ukutani. Mbao zinahitaji kuizoea hewa ya chumba. Wenye viwanda wengi hutaka hewa ya ndani iwe na unyevu kati ya asilimia 40 na 65, na hewa yetu mara nyingi inapita hapo, kwa hiyo msimu una maana. Ukitandaza wakati wa kaskazi, Januari au Februari, mbao ziko kavu na zitapanuka masika ikianza Aprili. Acha nafasi ya milimita 12 ukutani. Ukitandaza katikati ya mvua, tayari zimepanuka na milimita 10 zinatosha. Mwenye hiari angoje kaskazi.

Kutandaza

Fagia mara mbili. Punje moja ya kokoto chini ya nailoni hutoboa kazi yote ya kuzuia unyevu. Vua viatu.

Nailoni iwe nzito, geji 1000 kama ile ya msingi. Vipande vipandane sentimita 20, na maungio yabandikwe selotepu kutoka mwisho hadi mwisho. Ipandishe ukutani sentimita 5, utaikata baadaye. Juu yake tandika povu la milimita 2 au 3, vipande vikigusana bila kupandana. Povu nene huonekana la anasa dukani, lakini ulaini wake unavunja ndimi za mbao kama lile shimo nililolitaja. Kama povu ulilonunua lina karatasi ya fedha ya kuzuia unyevu iliyoshikana nalo, soma maelezo yake kwanza, kwa sababu mengine hayataki nailoni nyingine chini.

Sasa hesabu safu. Upana wa chumba chetu ni sentimita 350. Toa nafasi ya sentimita moja kila upande, unabaki na 348. Gawanya kwa 19.3 na utapata safu 18 na kibanzi cha milimita 6. Kibanzi hicho hakikatiki wala hakishiki. Safu ya mwisho isiwe chini ya sentimita 5, kwa hiyo punguza safu moja nzima: safu 17 zinakula 328.1, zinabaki karibu sentimita 20, zigawe mara mbili. Safu ya kwanza na ya mwisho zote zitakuwa za sentimita 10 hivi, na chumba kitaonekana kimepangwa. Hesabu hii ifanye kwenye karatasi kabla ya kuwasha msumeno.

Mbao zielekee mwanga wa dirisha kubwa, ili maungio yasitupe kivuli. Kwenye ushoroba zifuate urefu. Anza kona ya kushoto, upande wa ulimi ukielekea ukutani, na ulimi huo ukatwe. Weka kabari kati ya mbao na ukuta, moja kila sentimita 40 hivi. Kuta zetu zilizopigwa lipu kwa mkono huwa na mawimbi, basi usizifuate kwa macho: nyosha safu ya kwanza kwa uzi, kisha bana penseli kwenye kipande cha mbao, kipitishe ukutani huku penseli ikichora juu ya ubao. Kata kwa kufuata mchoro. Safu ya kwanza ikinyooka, zilizobaki zitakufuata.

Ubao wa pili na kuendelea huingizwa ukiwa umeinuka kama kiganja kilichoegemezwa, unasukumwa na kushushwa mpaka ulie. Ukikataa, usiupige nyundo moja kwa moja. Tumia kipande cha mbao cha kugongea, na ugonge polepole. Kipande kilichokatwa mwisho wa safu ndicho kinachoanza safu inayofuata, mradi kisipungue sentimita 30, na maungio ya safu mbili yapishane angalau sentimita 30 pia. Chukua mbao kutoka maboksi matatu kwa zamu ili picha za mti zisirudiane, na ukague kila ubao kwenye mwanga wa mchana. Wenye kona iliyopasuka uweke kando kwa vipande vidogo. Ukikata kwa jigso, uso wa ubao utazame chini. Ukikata kwa msumeno wa mkono, uso utazame juu. Safu ya mwisho huvutwa kwa kile chuma kilichopinda pande mbili.

Mlangoni ndipo utakapomjua fundi. Kukata ubao kuizunguka miimo ya mlango na kujaza silikoni pembeni ni njia ya mkato, na inaonekana. Chukua kipande cha lamineti na povu lake, kilaze sakafuni kikiegemea mwimo, laza msumeno wa mkono juu yake, ukate mwimo kwa kimo hicho. Ubao utapita chini ya mwimo, na nafasi yake itafichika humo humo. Pima pia kama mlango wenyewe utafunguka juu ya sakafu mpya. Kuuchonga chini kabla ni rahisi kuliko kuukwaruza baadaye. Kizingitini weka mkanda wa T kutenga chumba na chumba, na chumba chochote kinachozidi mita 8 kigawe kwa mkanda huohuo. Wateja hawaupendi mkanda, wanataka sakafu moja kutoka sebule hadi chumbani. Kwa hewa ya pwani mimi siondoi.

Kabati la ukutani lililofungwa kwa skrubu lisikae juu ya lamineti. Litangulie, sakafu iishie mbele yake. Likikaa juu linaibana upande mmoja, na upande wa pili utainuka. Kitanda na meza havina neno. Bafuni na jikoni kwenye karo usitandaze kabisa, weka vigae.

Mwisho ondoa kabari, kata nailoni iliyobaki ukutani, upige skatingi, ule ubao mwembamba unaoziba nafasi chini ya ukuta. Misumari iingie ukutani, isiguse sakafu. Mbele ya mlango wa bafu tu ndipo ninapojaza ile nafasi kwa silikoni laini.

Baada ya hapo

Dada au mama anayesafisha nyumba aelezwe mapema, kwa heshima, kwamba deki ya kumwaga ndoo imekwisha katika vyumba hivyo. Fagio laini, kisha kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoki. Maji yakimwagika yafutwe hapohapo. Weka mkeka wa kufutia miguu mlangoni, nje na ndani.

Nyumba za wageni zinazofungwa kuanzia Mei mpaka msimu urudi ndizo ninazoitwa kurekebisha mara nyingi zaidi. Chumba kilichofungwa miezi miwili ya mvua hewa yake huwa nzito, na mbao hupanuka zaidi kuliko nafasi yoyote uliyoacha. Mwambie mlinzi afungue madirisha kila siku isiyo na mvua, jua likitoka, afunge kabla ya magharibi. Mbao zilizobaki zisipelekwe stoo ya nje. Zirudishe kwenye boksi lake, uzilaze chini ya kitanda katika nyumba hiyohiyo, ili siku utakapotaka kubadili ubao mmoja ziwe zimekaa katika hewa ileile.